Bomba la Sentimita Kumi na Mbili

Kovu lake lina urefu wa sentimita kumi na tisa. Alilipima mwenyewe mbele ya kioo cha kabati, kwa rula ya shule ya mwanawe, mwaka ule ule aliopasuliwa mgongo. Ndugu zake wote wanakijua kipimo hicho, kwa sababu amewatajia mara nyingi kuliko alivyowatajia umri wake.

Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mtakasa vyombo vya upasuaji katika hospitali kubwa ya mji. Chumba chao kiko ghorofa ya chini kabisa, hakina dirisha, na joto lake humfanya mgeni avue koti kabla ya kusalimia. Vyombo hushuka kwa lifti ndogo vikiwa na damu. Huloweshwa, husuguliwa kwa brashi, hukaguliwa chini ya lenzi, hupangwa kwenye trei, hufungwa kwa kitambaa na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke. Kila trei ina karatasi yake ya orodha. Wenzake wengi huhesabu kwa macho. Yeye hugusa kila chombo kwa ncha ya kidole huku akitaja namba kwa sauti ya chini, na ndiyo maana wakamwita Mama Hesabu.

Chumba hicho kina sheria moja ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza: kisicho kwenye karatasi hakipo. Trei ikilingana na karatasi, unatia sahihi na lawama imekuvuka. Isipolingana, hutoki mlangoni mpaka kipatikane kilichopungua, hata kikiwa kibanio kidogo kama ukucha.

Upasuaji wake mwenyewe ulikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mojawapo ya zile pingili laini zilizo kati ya mifupa ya uti wa mgongo ilikuwa imechomoza na kubana neva ya mguu wa kushoto. Daktari wa wakati huo alifungua ngozi, akaibandua misuli kutoka kwenye mfupa kulia na kushoto, akafika. Yeye alilala wodini siku tisa. Kidonda kikafumuka, akalala wiki saba nyumbani kwa mama yake kwa tumbo, uso ukitazama sakafu. Kazini alirudi mwezi wa tano baada ya kupasuliwa.

Katika mateso hayo alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: nafasi. Yeye ni mtoto wa pili kati ya wanne, yule ambaye wageni humsahau jina. Baada ya kovu, kila aliyeumwa mgongo aliletwa kwake. "Muulizeni dada," mama yao angesema, na mbele ya wageni angeweka kidole kwenye shingo ya bintiye na kukishusha hadi kiunoni, akiongeza nusu ya urefu. "Huyu alikatwa toka hapa mpaka hapa. Na bado anakwenda kazini." Bintiye angejidai kuona haya, asimzuie.

Mdogo wake wa mwisho, waliyepishana naye miaka tisa, ni mwalimu wa chekechea. Nyumbani wanamwita Bonge na hakuna anayelitamka jina hilo kwa ubaya, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kulitamka. Ana kilo mia na thelathini na moja. Watoto wa darasani humpanda kama ngazi, wazazi wao humsimamisha njiani kumsalimia, na mumewe, fundi wa majokofu asiyefika hata nusu ya uzito wake, humtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na bado hajaulizwa. "Mungu aliponiumba hakupima kwa kijiko," Bonge husema, akikalia kiti kwa uangalifu wa mtu anayeijua miguu ya viti.

Miaka miwili iliyopita maumivu yalimwanzia kwenye kalio la kulia, yakashuka nyuma ya paja hadi kidole gumba cha mguu. Alifika mahali ambapo angeweza kusimama kwa muda wa wimbo mmoja wa watoto, halafu lazima akae. Kwenda dukani alikuwa akishika kuta za watu. Madaktari watatu, kwa nyakati tofauti, walimpa jibu moja: apunguze kilo thelathini kwanza, ndipo arudi.

"Nitapunguzaje, dada, na hata kutembea siwezi?" alimwuliza mkubwa wake.

"Kupunguza kunaanzia mdomoni. Miguu haihusiki."

"Basi nifunge mdomo, nitaimbaje na watoto?"

Bonge alicheka. Mkubwa wake hakucheka. Alikuwa ameisubiri nafasi ya kusema sentensi ile tangu mdogo wake akiwa na miaka sita, akilishwa na watu watatu kwa zamu.

Jambo ambalo hakumwambia ni hili. Kwa miezi saba alikuwa akiosha vyombo vya daktari mpya wa mgongo, aliyehamia hospitali hiyo na seti ya mabomba membamba ya chuma. Kwa mabomba hayo aliwapasua hata watu wazito, akiwemo dereva mmoja wa lori ambaye wabeba machela walimhamisha wakiwa sita. Mama Hesabu aliyajua mabomba hayo moja moja. Bonge alikuja kusikia habari za daktari huyo kutoka kwa mzazi wa mwanafunzi wake.

"Dada, mbona yuko hospitalini kwenu?"

"Madaktari ni wengi. Siwezi kuwajua wote."

Walikwenda kumwona pamoja. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. Aliitundika picha ya mgongo kwenye taa, akaweka rula juu yake, akapima kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa.

"Kumi na moja na nusu," alisema. Kisha akamgeukia Bonge. "Mama, uzito wako unafanya kazi yangu iwe ngumu. Haufanyi maumivu yako yawe ya uongo."

Bonge alianza kulia. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia hivyo.

Daktari aliendelea kueleza kama hakuona machozi, labda kwa adabu. Angechana sehemu ndogo, kama upana wa kidole gumba. Angeingiza bomba jembamba, juu yake nene kidogo, juu yake nene zaidi, yakiisukuma misuli pembeni bila kuikata. La mwisho lingebaki kama njia, na ndani yake angepitisha vyombo virefu akitazama kwa darubini. Kwa mtu mnene, alisema, jeraha kubwa linalopita kwenye mafuta ndilo linaloharibika upesi, kwa hiyo tundu dogo linamfaa zaidi, mradi bomba liwe refu la kutosha. Angelazwa kifudifudi tumbo likiachwa huru lisibanwe, damu isije ikajaa mgongoni. Hatari ya dawa ya usingizi kwake ilikuwa kubwa kuliko kwa mtu mwembamba, na hakumficha. "Na nikishindwa kufika kwa bomba, nitakufungua kwa njia ya zamani. Hilo utaliwekea sahihi pia."

"Nitalala siku ngapi?"

"Jioni hiyo hiyo tutakusimamisha. Kesho yake, nyumbani."

"Kesho yake?" Aliyeuliza alikuwa dada mtu.

"Kesho yake."

"Mimi nililala siku tisa."

"Zamani ilikuwa hivyo," alisema daktari, akiandika, bila kuinua uso.

Habari ilifika kwa mama yao kabla yao. Walimkuta anaongea kwenye simu, akimweleza mtu kwamba Bonge wake anapasuliwa kwa darubini, kitu cha kisasa, hata kovu halitaonekana. Alipomaliza alimwona binti yake mwingine amesimama mlangoni, akataka kumpoza.

"Na wewe ulijitahidi, mwanangu. Ila wewe ulipasuliwa kienyeji."

Bonge alicheka mpaka akashika mgongo. Shemeji, mume wa Bonge, alicheka. Mama Hesabu naye alionyesha meno, na chakula alichokula hapo hakumbuki kilikuwa nini.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Jumatano saa tisa alasiri, Mama Hesabu alikuwa kwenye beseni la kuoshea vyombo alipogusa kitu kirefu chini ya povu. Lilikuwa bomba la sentimita kumi na mbili, limetumika asubuhi hiyo kwa mgonjwa mwingine na kuteremshwa kimakosa ndani ya trei ya mifupa. Hospitali nzima ilikuwa nalo moja tu. Lilikuwa limefika miezi miwili baada ya seti yenyewe, na hakuna aliyekumbuka kuliongeza kwenye orodha. Karatasi ya mabomba iliishia sentimita tisa. Refu lilikuwa likifungwa peke yake na kuwekwa kwenye rafu ya vitu vya ziada, chumba cha upasuaji.

Aliliosha vizuri. Alipitisha brashi ndani mara tano kama inavyotakiwa, akalikagua chini ya lenzi, akalifuta. Kisha akaliweka kwenye kitambaa cheupe mwisho wa meza, akaenda kupanga seti ya mabomba kwa ajili ya kesho.

Nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kidole chake kiligusa kila moja. Alitia sahihi.

Mwenzake wa zamu, mwanaume wa makamo anayeitwa Mvuke kwa sababu ndiye mwenye mashine, alikuwa ameshika mlango wake. Ulikuwa mzunguko wa mwisho wa siku.

"Mama Hesabu, imetimia?"

"Imetimia."

Kwa mujibu wa karatasi, alisema kweli. Mvuke akafunga mlango, akazungusha gurudumu.

Hakutaka mdogo wake afe. Hilo amelisema kwa kila aliyemwuliza, na hakuna sababu ya kutomwamini. Hakutaka hata aumie kuliko yeye alivyoumia. Alitaka walingane. Alikuwa amewahudumia madaktari wa upasuaji miaka ya kutosha kujua kitakachofuata: daktari angefika sentimita tisa, angeomba la kumi na mbili, muuguzi angetazama rafuni asilione, angepiga simu chini, angeambiwa dakika arobaini. Daktari yule hakuwa na subira ya dakika arobaini juu ya mtu aliyekwisha kuchanwa. Angefungua kwa njia ya zamani. Na baadaye, wakitafuta mkosaji, wangekuta karatasi imetimia na sahihi iko mahali pake.

Alhamisi saa moja alipita wodini. Bonge alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa magauni mawili ya hospitali, moja limefungwa nyuma na jingine mbele, kwa sababu hakuna moja lililozunguka.

"Dada, niangalie. Nimevaa mapazia ya wodi nzima."

"Umekula kitu?"

"Tangu jana saa mbili usiku sijaonja hata maji. Ningejua kupungua ni rahisi hivi ningeomba upasuaji mapema."

Bonge aliushika mkono wa dada yake, akaugeuza, akawa anauchezea vidole kama anavyowachezea watoto wasiotaka kuachwa darasani.

"Nakumbuka kile kidonda chako kilipofumuka," alisema. "Mama alikuwa akikiona anakimbilia nje. Nikawa nakifunga mimi. Ile harufu, dada. Nilikuwa nakuambia hakinuki."

"Najua ulikuwa unaniambia."

"Sasa mimi nikifumuka hivyo, na mwili huu, si watanifunga kwa shuka? Na nani atakubali kunifunga? Mume wangu akiona damu ya kuku analala."

Mama Hesabu alisema anachelewa zamu, jambo ambalo halikuwa kweli.

Chini, bomba lilikuwa pale pale alipoliacha, kwenye kitambaa. Alilichukua, akalikagua tena ingawa halikuwa na haja, akalifunga, akabandika utepe unaobadilika rangi likishaiva, akamkabidhi Mvuke. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika kumi na saba.

"Hili nalo limetoka wapi asubuhi hii?" Mvuke aliuliza.

"Washa mashine."

Kisha akapiga simu chumba cha upasuaji.

"Sista, msimlaze usingizi mgonjwa wa mgongo. Bomba la kumi na mbili liko kwenye mashine. Nipeni dakika arobaini."

"Kwani haliko rafuni? Mgonjwa tumeshampandisha mezani."

"Haliko. Msimlaze."

Kulikuwa na kelele za kiatu, kisha sauti ya daktari ikaja kwenye simu. "Nani aliliona bomba langu mara ya mwisho, na lini?"

Mvuke, aliyekuwa akisikia kila kitu, alimsogelea sikioni. "Sema umelikuta leo kwenye beseni. Basi. Nani atajua?"

Ilikuwa kweli. Nani angejua? Hata karatasi ilikuwa upande wake.

"Ni mimi, Dokta," alisema. "Jana saa tisa. Nililiosha nikaliacha mezani."

"Ulisahau?"

"Hapana."

Mvuke alirudi kwenye mashine yake.

"Likiwa tayari," daktari alisema, "liletwe na mtu mwingine."

Lilipelekwa na Mvuke. Upasuaji ulianza saa tatu kasorobo na kumalizika saa nne na nusu. Bomba lilifika kwenye mfupa likabakiza nusu sentimita juu ya ngozi. Kabla ya adhuhuri Mama Hesabu alikuwa ameitwa kwa msimamizi, amepewa barua ya onyo, na ameondolewa kwenye meza ya vyombo kwa miezi mitatu, akakunje mashuka. Karatasi ya mabomba ilichapwa upya siku hiyo hiyo ikiwa na mstari mmoja zaidi.

"Umejichoma mwenyewe kwa pasi yako," Mvuke alimwambia, akimsaidia kubeba sweta na kikombe chake.

Saa kumi na moja jioni alisimama kwenye mlango wa wodi, upande ambao hakuonekana. Muuguzi alikuwa anamsimamisha Bonge. Bonge alishusha miguu, akasimama, akasubiri maumivu ya mguu yaje kama alivyozoea, yasije. Alimtazama muuguzi kwa mshangao wa mtu aliyefungua mlango akakuta mwizi ameshaondoka. Kisha akatembea. Mgongoni, kati ya yale magauni, kilionekana kipande cha plasta kisichozidi kadi ya simu.

Dada yake alihesabu hatua. Zilikuwa kumi na nne. Yeye, siku ya tano, alitembea sita akatapika.

Mtu angetarajia kwamba baada ya kufanya alichofanya, kijicho kingemtoka. Hakikumtoka. Anasema pale mlangoni kilimpanda upya, kikali kuliko Jumatano, kwa sababu sasa hakukuwa na la kufanya tena. Alirudi nyumbani bila kuingia.

Alikwenda kesho yake saa nne, shemeji akiwa kwenye dirisha la dawa na mama yao akiwa bado njiani. Bonge alikuwa amevaa nguo zake, begi limefungwa, amekaa kwenye kiti kigumu kwa sababu ameambiwa asizame kwenye vilaini.

"Dada! Jana mbona hukuja? Nimetembea mpaka mlangoni. Mguu umenyamaza kabisa, nilidhani wameukata."

"Nilikuja. Nilikuona."

"Ukaondoka bila salamu? Haya. Uliona sasa? Tundu moja tu. Walichelewa kidogo, eti kuna bomba halijaiva."

"Ni mimi niliyelichelewesha."

Alimweleza akiwa amesimama, kwa mpangilio, kama anavyosoma orodha: beseni, saa tisa, kitambaa cheupe, sahihi, mashine ikafungwa. Alimweleza pia ile miezi saba ya kumjua daktari akanyamaza. Hakutia neno la kujitetea. Bonge, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi mbili bila kumchekesha, alimwacha amalize zote.

"Ulitaka nini hasa?" aliuliza mwishowe.

"Ulale siku tisa."

"Na ulipolituma, ulinihurumia?"

Alifikiri. "Sijui kama ni huruma. Nilijua kidonda chako kikifumuka, nitakayekifunga ni mimi. Na ningekuwa najua kwa nini kimefumuka."

Bonge alitazama mikono yake. Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta mtungi wa oksijeni juu ya zege.

"Unajua mama alikuwa ananiambia nini kila siku ya kununua sare?" alisema. "'Tazama kiuno cha dada yako.' Nina miaka kumi na moja, fundi amesema kitambaa hakitoshi, na mama ananiambia tazama kiuno cha dada yako. Mimi nimekuonea wivu tangu siku hizo. Mpaka leo ukivaa mkanda naona wivu. Lakini ulipolala pale kwa tumbo, sikuwahi kuchelewa kukufunga hata siku moja."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingeweza."

Shemeji alirudi na mfuko wa dawa, akamsalimia Mama Hesabu kwa furaha, akaanza kueleza vidonge vya asubuhi na vya jioni. Wanawake wale wawili walimsikiliza kama darasa. Alipoinama kuchukua begi, Bonge alinyanyuka polepole, akajishika kwenye mgongo wa kiti. Dada yake alinyoosha mkono.

"Niache," alisema Bonge. Hakusema kwa ukali. "Daktari ameniambia nisimame mwenyewe."

Alisimama mwenyewe. Alijiweka sawa, akavuta pumzi, akaangalia umbali wa mlango.

"Ameagiza plasta ibadilishwe Jumapili," alisema bila kugeuka. "Mume wangu hawezi, na mama ndiyo kabisa. Nitamwita muuguzi wa jirani."

"Naweza kuja mimi."

"Najua unaweza." Alipiga hatua ya kwanza, kisha ya pili. "Jumapili njoo ukae na mama sebuleni. Chumbani kwangu uingie nikikuita."

Akatoka na mumewe, wakitembea polepole, begi mkononi mwa mume. Mama Hesabu alibaki kando ya kitanda kitupu. Kwa mazoea ya kazi mpya aliyopewa, aliyatoa mashuka, akayakunja pembe kwa pembe, akayaweka mwishoni mwa godoro, akaenda zake.